Magofu ya kijijini kwenu: namna ya kuyalinda na kuyafundisha bila kushika jembe

Ukishuka pwani kuanzia Tanga hadi Mtwara, hukosi kuona ukuta wa matumbawe uliokumbatiwa na mizizi, au kaburi la mnara ambalo wenyeji wanaliita tu "kwa Washirazi". Mengi ya magofu haya hayana kibao wala mlinzi. Yana mbuzi, na yana mashimo.

Mashimo ndiyo yaliyoniingiza mimi kwenye kazi hii. Asubuhi moja tulikuta mbele ya mihrabu ya msikiti wa kale pamechimbwa usiku, shimo la kufika kiunoni, na pembeni vipande vya mshumaa na ganda la yai. Mtu alikuwa anatafuta mali ya Mjerumani. Msikiti ule ulikuwa umeshakuwa gofu kabla Mjerumani hajakanyaga pwani hii, lakini uvumi hauulizi tarehe. Hakupata kitu. Alichoacha ni rundo la udongo ambamo vigae vya juu na vya chini vimechanganyika, na udongo ukishachanganyika hivyo hakuna mtaalamu duniani atakayeweza kuupanga upya.

Mwongozo huu ni kwa mwalimu, kijana wa kikundi cha utalii, mjumbe wa serikali ya kijiji, au yeyote anayeishi jirani na magofu na angependa yabaki. Nimeuandika kwa mazoea ya Tanzania bara. Msomaji wa Kenya au Zanzibar atabadilisha majina ya ofisi na sheria, mengine yote yanamfaa.

Hatua ya 1: Jua mwenyewe ni nani

Usianze na picha. Anza na hodi. Gofu lililo porini lina wenyewe watatu, na ukimruka mmoja utakwama baadaye.

Wa kwanza ni watu: familia yenye makaburi pale, shehe anayeongoza dua ya kila mwaka, bibi anayepeleka ubani Alhamisi. Usiwaambie hiyo ni ushirikina, wala usiwapangie. Mara nyingi ubani wa bibi ndio uliolinda mahali pale kuliko sheria, kwa sababu watu waliogopa kukata miti.

Wa pili ni kijiji. Nenda kwa mwenyekiti wa kitongoji, kisha mtendaji, mwisho jambo lifike kwenye mkutano mkuu wa kijiji na liandikwe kwenye muhtasari. Muhtasari huo ni karatasi moja tu, lakini siku mtu akija kudai kuwa eneo ni shamba lake, au mnunuzi wa viwanja akija na wapimaji, utautafuta kama dawa.

Wa tatu ni serikali. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya 1863, majengo ya kabla ya 1886, na hata milango ya kuchonga ya kabla ya 1940. Kuchimba bila kibali ni kosa, hata kama shamba ni lako na nia yako ni njema. Anayeokota kitu cha kale anatakiwa kutoa taarifa. Kwa kawaida mlango wa karibu ni afisa utamaduni wa halmashauri, naye atakuelekeza kwenye idara inayoshughulikia malikale katika Wizara ya Maliasili na Utalii. Maeneo mengine yana msimamizi wake: Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, kwa mfano, yako chini ya TAWA, mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori. Andika barua, peleka mkononi, ubaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa.

Hatua ya 2: Sikiliza kabla ya kupima

Hapa ndipo wengi wanapofanya haraka, na ndipo penye utajiri wenyewe.

Ukimwendea mzee na kumwambia "naomba unipe historia ya magofu", atakupa alichosikia redioni au alichosema mgeni wa mwisho. Atakutajia Washirazi, Waarabu na Wareno, basi. Neno "historia" linamkumbusha darasa. Uliza mambo ya mguu na mdomo: hapa panaitwaje? Zamani mlichota maji wapi? Ukiwa mtoto ulikatazwa kucheza wapi? Mvua kubwa ikinyesha, ni sehemu gani shanga hutokeza? Jiwe la kusagia la nyumbani kwenu mliliokota wapi?

Bibi mmoja, baada ya shikamoo na marahaba na habari za wajukuu wote, aliniambia: "Pale kwenye mbuyu tulikuwa hatupiti na viatu." Kwa nini? Hajui, mama yake alimwambia hivyo. Tulipokwenda kutazama tukakuta chini ya majani ukingo wa mawe uliolala sawasawa, kama uzio wa makaburi. Hakuna ramani iliyokuwa nayo. Katazo la viatu lilikuwa limeyatunza makaburi kwa muda ambao hakuna anayeukumbuka.

Unachohitaji ni simu. Iweke kwenye hali ya ndegeni ili isilie katikati, iweke juu ya kitambaa, si mezani ambapo kila kikombe kitasikika kama radi. Mwanzoni mwa sauti taja tarehe, mahali, na jina la anayezungumza kama amekubali litajwe. Muombe ruhusa kwa mdomo, sauti ikiwa inarekodiwa, na umuulize wazi: watoto wa shule wasikie? Iwekwe kwenye simu za watu? Wengine watakubali la kwanza na kukataa la pili, na wana haki. Maliza kwa kumrudishia: siku nyingine nenda umsikilizishe alichosema. Mara nyingi atacheka, atakusahihisha, na ndipo atakapotoa yale ya maana.

Swali litakuja: je, hadithi ni ushahidi? Chukua ya Kilwa. Simulizi inasema mgeni kutoka Shirazi alikinunua kisiwa kwa nguo za kutosha kukizunguka. Wachimbaji, kuanzia kazi ya mwanaakiolojia Neville Chittick katika miaka ya 1960, walikuta chini ya misikiti ya mawe tabaka za watu waliokaa pale kabla, wenye vyungu vya kienyeji na nyumba za udongo. Basi hadithi ni uongo? Isome tena. Ndani yake mna aliyeuza kisiwa. Hadithi yenyewe inakiri kwamba kulikuwa na wenyeji. Ukiandika simulizi, andika neno kwa neno, usiilainishe ili ifanane na kitabu.

Hatua ya 3: Tembea, piga picha, usiokote

Chagua kiangazi, majani yakiwa yamekauka. Watu sita wanatosha. Jipangeni mstari mmoja, hatua tano tano kati ya mtu na mtu, kama watu wanaomsaka mbuzi aliyepotea, na muende taratibu macho chini. Anayeona kitu anasimama na kunyoosha mkono. Mwandishi anakuja.

Mwandishi ana daftari na penseli. Penseli, kwa sababu wino wa kalamu ukikutana na jasho au mvua unageuka ziwa. Kila kitu kinapewa namba kwenye kipande cha boksi. Piga picha ya kitu pamoja na namba na rula, kisha picha ya pili umesimama mbali ili mahali paonekane. Andika nukta za mahali (GPS) kutoka kwenye simu, ukijua kwamba simu inaweza kukosea mita kadhaa. Kwa hiyo pima pia kwa futi kutoka kwenye kitu kisichohama: kona ya ukuta, kisima, mbuyu.

Kisha kiache pale pale.

Najua inauma. Vijana wangu walinuna. Lakini chukua kigae mkononi ukitazame, halafu utaelewa. Kikiwa na ukingo uliopinda, huo ni mdomo wa chungu, na mpindo wake unaonyesha upana wa chungu chote. Kikiwa na michoro ya pembetatu iliyokwaruzwa kabla udongo haujakauka, huenda unatazama kazi ya mfinyanzi wa kati ya karne ya 6 na ya 10: vyungu vya namna hiyo vimekutwa pwani nzima, na bara pia. Utando wa kioo wa rangi ya kijani cha jani changa la mgomba unakupeleka kwenye kaure za China. Kipande cha duara chenye tundu katikati huenda kilikuwa kigurudumu cha kusokotea uzi wa pamba, na vya namna hiyo vimepatikana kwa wingi Kilwa. Sasa kiweke kigae hicho mfukoni, upeleke nyumbani. Kimebaki kuwa kigae. Kilichokuwa kikikieleza, yaani kilikuwa ndani ya nyumba au nje, karibu na jiko au msikiti, pamoja na nini, umekiacha kule na huwezi kurudi nacho.

Mkikuta mifupa ya binadamu, simameni hapo hapo. Hakuna picha, hasa za kurusha kwenye makundi ya WhatsApp. Funikeni kwa majani, itwe familia au shehe, mtendaji apewe taarifa. Bahari inapokula ufukwe mambo haya hutokea, na namna mtakavyofanya siku hiyo ndivyo wazee watakavyowapima.

Mwishoni chora ramani ya mkono. Si lazima ipendeze. Mishale ya kaskazini na kibla, njia, visima, miti mikubwa, majina ya mahali kama bibi alivyoyatamka.

Hatua ya 4: Usafi, na makosa yangu mawili

Kosa la kwanza: mzizi. Siku ya usafi tulikuwa na ari kama ya harusi. Kulikuwa na mti umeota juu ya ukuta, mizizi imeshuka pande zote mbili. Tukaukata na kuuvuta kwa kamba, watu wanane, tukiimba. Ulitoka na mita mbili za ukuta. Mzizi ule ndio uliokuwa umeyashika mawe baada ya chokaa kuoza. Tangu siku hiyo sheria yetu ni hii: miche midogo ing'olewe kwa mkono ingali laini, kila mwaka baada ya masika. Mti mkubwa ukatwe matawi tu kupunguza uzito na upepo, na shina liachwe mpaka fundi mwenye ujuzi wa majengo ya kale alione. Nyasi zifyekwe kwa panga au slesha, zisichomwe, maana moto unapasua jiwe la tumbawe.

Kosa la pili: saruji. Mtu mwema alitupa mifuko mitatu, tukaziba nyufa, tukapiga picha. Baada ya misimu michache saruji ilikuwa nzima, na mawe yaliyoizunguka yalikuwa unga. Tumbawe linapumua: linanyonya maji na chumvi, kisha linayatoa. Chokaa ya zamani iliyaruhusu maji kutoka. Saruji inayafungia ndani, chumvi inaganda, jiwe linamomonyoka kutoka tumboni. Kama idara itawaruhusu kukarabati, dawa ni chokaa. Ufundi wake bado upo pwani: matumbawe hupangwa juu ya tanuu la magogo, yakachomwa, unga ukamwagiwa maji na kuachwa ukae, na kadiri unavyokaa ndivyo unavyokuwa bora. Mtafuteni mzee aliyewahi kuchoma, mkae naye. Huo pekee ni mradi wa mwaka mzima.

Mengine ni madogo lakini yanasaidia kuliko mbwembwe: mfereji wa kutoa maji ya mvua mbali na msingi (upitishwe pale idara itakapoelekeza, maana mfereji nao ni uchimbaji), uzio wa miiba dhidi ya mbuzi, njia moja iliyopangwa mawe pembeni ili wageni wasipande kuta. Penye mmomonyoko wa bahari, fikirini mikoko. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ziliandikwa kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981, zikawekwa kwenye orodha ya hatari mwaka 2004, zikatolewa mwaka 2014, na bahari ilikuwa miongoni mwa maadui wakubwa muda wote huo.

Hatua ya 5: Sanduku la udongo

Watoto hawataki hotuba. Wanataka kuchimba. Basi wachimbe, ila si magofuni.

Tafuta sanduku la mbao au beseni kubwa lenye kina. Chini kabisa weka udongo mwekundu, ndani yake vipande vya chungu ulichovunja mwenyewe, mkaa na mifupa ya samaki. Shindilia. Juu yake mchanga wa pwani, uliochanganywa na kikombe cha kaure kilichovunjika, shanga na simbi. Juu kabisa udongo mweusi wenye vizibo vya soda, betri ya redio na laini ya simu. Usitumie hata kigae kimoja cha kweli. Watoto wataulizana kilitoka wapi, na kesho yake watakwenda.

Gawa kundi la watoto watano: wawili wenye vijiko na brashi ya rangi, mmoja wa kuchekecha kwenye chekeche la unga, mmoja wa kuchora, mmoja wa kuandika. Sharti ni moja: tabaka la juu liishe lote kabla ya kugusa la pili. Lazima mmoja atavunja sharti. Mwache. Akishachimba shimo lake la moja kwa moja hadi chini, waulize wenzake: betri hii na chungu hiki ni vya wakati mmoja? Watabishana, na katika kubishana watagundua wenyewe kwa nini yule mtu wa mishumaa alituharibia. Sijapata njia nyingine inayofundisha jambo hilo ndani ya dakika arobaini.

Madrasa nayo ni shule, usiisahau. Kumwonyesha mtoto mihrabu ya miaka mia sita na kumuuliza waliosali pale walisoma sura zipi kunamgusa kuliko tarehe. Na pale penye lipu ya zamani, tazameni kama kuna majahazi yaliyokwaruzwa ukutani, kama yale ya magofu ya Gede na ya Ngome ya Yesu, Kenya. Mtoto akiona kwamba karne nyingi zilizopita kuna mtu aliyekuwa akichora jahazi ukutani kwa msumari, anacheka. Halafu anaona "Juma + Asha" pembeni na anauliza kama nalo ni la kale. Jibu lake ni somo la siku nzima.

Hatua ya 6: Wageni na hela

Hela ikiingia, ugomvi unaingia nyuma yake. Kwa hiyo kubalianeni mapema, kabla ya mgeni wa kwanza. Kiingilio hakiwezi kutozwa na kikundi bila idhini ya anayesimamia eneo, lakini chakula, usafiri wa mtumbwi, ukili na malipo ya kutembeza ni kazi za halali za wenyeji. Gede wana mradi wa vipepeo wa Kipepeo, ulioanza 1993, ambao wakulima wanaopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke hufuga viwavi na kuuza pupa, yaani viwavi vilivyokwisha kujifungia kabla ya kuwa vipepeo. Haukuuza hata kigae kimoja. Kuuza vigae na sarafu ni mwiko, pamoja na zile senti ndogo za shaba za masultani wa Kilwa ambazo watoto huziokota ufukweni. Usimkaripie mtoto. Mpe mwongoza wageni kazi ya kuzipokea, kuandika mahali zilipookotwa na jina la aliyeziokota, na kuzipeleka kwa mhusika.

Kuhusu maneno ya mwongoza wageni, nina msimamo. Asianze na "hapa palijengwa na Waarabu". Huo ulikuwa mtazamo wa watafiti wengi wa wakati wa ukoloni, na uchimbaji umeuvunja. Kwenye mji wa kale uitwao Shanga, kisiwani Pate, Kenya, mwanaakiolojia Mark Horton na wenzake katika miaka ya 1980 walikuta chini ya msikiti wa mawe misikiti mingine iliyotangulia, ya miti na udongo, inayorudi nyuma hadi karne ya 8. Mji ulikua kutoka ndani, ukapokea wageni na bidhaa zao. Mwongoza wageni aseme hivyo, na aonyeshe kwa kidole.

Hatua ya 7: Watafiti wakija

Wakati fulani ilikuja timu moja, sitaitaja. Walikaa wiki tatu, wakaajiri vijana, wakaondoka na magunia ya vigae. Mpaka leo hatujui vimelala wapi. Baadaye tuliandika masharti yetu, nusu ukurasa, na mwenyekiti huyasoma kabla ya chai: tuone kibali cha COSTECH (tume ya taifa ya sayansi na teknolojia) na cha idara ya malikale, kazi ielezwe kwenye mkutano kwa Kiswahili, vijana wa hapa wafundishwe kuchora na kuandika, si kubeba ndoo tu, tuambiwe vitu vitatunzwa wapi na kwa namba gani, shimo lifukiwe, na kabla ya mwaka kuisha tupate ripoti fupi ya Kiswahili na picha. Watafiti wazuri hawakasiriki. Wengine huomba nakala wakawaonyeshe wanafunzi wao.

Mahali pa kuweka kumbukumbu

Daftari la shambani linakiliwe upya kwa wino ndani ya wiki moja, kabla mwandishi hajasahau maana ya vifupisho vyake. Nakala moja ikae ofisi ya kijiji, ya pili shuleni, na picha za kurasa kwenye simu mbili za watu wasiokaa nyumba moja. Sauti za wazee zihamishwe kwenye kadi na kuandikwa jina kwa penseli juu ya bahasha. Karatasi zikae kwenye debe lenye mfuniko, juu ya matofali, mbali na ukuta. Mchwa wa pwani huanza na muhtasari wa mkutano, kisha ndio huhamia kwenye boriti.